Kabla ya Kujaza Fomu ya Chuo Kikuu: Niliyoyaona Irente

Na Mwanachama wa Wete



Kila msimu kijarida chetu hutueleza habari za miche, za kuanika karafuu na za bei. Mara hii nimeomba nafasi nieleze habari ya zao jingine ambalo wengi wetu tunalo nyumbani, nalo ni mtoto aliyemaliza kidato cha 6. Mtoto huyu hana budi kuchagua fani atakayosoma chuo kikuu, na aghlabu sisi wazee ndio tunaomchagulia, tena kwa sauti kubwa kuliko elimu tuliyo nayo juu ya jambo hilo. Mimi nilifanya hivyo. Nataka kueleza nilivyofanya, ili mwenzangu aliye na mtoto mwaka huu asipite njia ile ile.

Binti yangu ni wa tatu kuzaliwa. Tangu kidato cha 1 alikuwa hodari wa sayansi, nami tangu siku hizo nikawa namwita "Daktari" mbele za watu. Akija mgeni barazani, hupaza sauti, "Daktari, tuletee kahawa!" Mtoto hucheka, na kucheka kule nilikuchukua kuwa ndiko kukubali. Alipofika kidato cha 5 akachukua Fizikia, Kemia na Baiolojia, nami nikaona mambo yamekwisha. Lililobaki ni ada tu, na ada ni shauri langu na mikarafuu yangu.

HAPA KWETU HAKUNA KUONJA KWANZA

Tunaye jamaa yetu aliyehamia Marekani. Tulipompigia simu kutaka shauri, alisema, "Msiwe na haraka. Mwaka wa 1 na aonje masomo mbalimbali, atachagua baadaye." Maneno hayo ni ya kweli kwa huko aliko. Marekani kijana huingia chuo kikuu kwa miaka 4, wala aghlabu halazimiki kutaja fani yake siku ya kwanza. Anayetaka udaktari husoma masomo ya matayarisho, kama Baiolojia, Kemia na Fizikia, hata kama fani yake ni historia. Kisha hufanya mtihani wa kuingilia, ndipo aanze skuli ya udaktari kwa miaka 4 mingine, na baada yake mafunzo ya hospitalini kwa miaka 3 au zaidi. Kwa hivyo mtoto wa huko ana wakati wa kujijaribu.

Hapa kwetu mambo hayaendi hivyo. Mtoto akitoka kidato cha 6 huingia moja kwa moja katika udaktari, na fomu aijazayo ndiyo inayosema atakuwa nani. Masomo ya udaktari ni miaka 5, na baada yake upo mwaka 1 wa mazoezi hospitalini kabla hajapewa ruhusa kamili ya kutibu. Tena mlango wenyewe hufungwa mapema zaidi, maana asiyesoma Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha 5 na cha 6 hawezi kuupita kwa njia hiyo, hata awe na akili namna gani. Kwa kweli uchaguzi huanza pale mtoto anapochagua masomo yake ya sekondari, wakati ambao wengi wetu hatuna habari hata ya ratiba yake.

Hata hivyo, watoto wa siku hizi wana nafasi ambazo wakubwa wetu hawakuwa nazo. Zamani kijana wa Unguja au Pemba aliyetaka udaktari alivuka bahari na nchi kavu hadi Makerere, Uganda, ambako mafunzo ya utabibu yalianza katika miaka ya 1920. Mwaka 1963 ilifunguliwa skuli ya udaktari Dar es Salaam, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Na mwaka 2007 mafunzo ya udaktari yakaanza hapa hapa Zanzibar kwa msaada wa walimu kutoka Matanzas, nchini Cuba, na sasa yamo katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Basi hebu tufanye hesabu ya kikulima. Miaka 5 na 1 ni miaka 6. Mche wa mkarafuu nao huchukua kiasi cha miaka 6 hadi 8 ndipo uanze kuzaa. Ukiutia mche ardhini siku mtoto anapoanza udaktari, huenda ukaona maua yake ya kwanza wakati mtoto anamaliza mazoezi ya hospitali. Nani kati yetu hupanda mche bila ya kuutazama kwanza udongo? Tena twajua kwamba mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Huja mwaka wa neema, ikafuata miaka ya kupumzika. Ada haina mwaka wa kupumzika.

Jirani yangu mmoja alimwingiza mwanawe udaktari kwa amri. Akakodisha mikarafuu yake ili apate ada. Kijana akavumilia mwaka wa 1, na katikati ya mwaka wa 2 akarejea nyumbani na sanduku lake. Hakuwa mjinga wala mvivu, na leo ni fundi hodari wa umeme. Lakini mikarafuu ilikuwa imekwisha kwenda, na baba na mwana wakakaa muda mrefu hawatazamani usoni. Nami niliyaona hayo yote kwa macho yangu, na bado nikaendelea kuita, "Daktari, tuletee kahawa."

SAFARI YA LUSHOTO

Binti yangu alipomaliza mitihani ya kidato cha 6, mwezi wa Mei, mama yake akashauri aende kupumzika kwa mjomba wake anayefanya kazi Lushoto, katika milima ya Usambara. Mwezi wa Julai nikaenda kumchukua.

Mwanachama asiyefika huko ajue kwamba ni mbali na tulivyozoea. Ukitoka Dar es Salaam kwa basi, hushuka Mombo, kisha gari hupanda milima kwa kona nyingi kiasi cha kilomita 33. Lushoto iko kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai mtu wa Pemba atetemeka kama mgonjwa wa homa. Wasambaa hulima mboga na matunda kwenye miteremko ambayo sisi tungeogopa hata kufunga mbuzi.

Irente iko nje kidogo ya mji. Wageni huijua kwa jabali lake, ambapo mtu husimama ukingoni akaiona Mazinde na nyika yote chini, na magari barabarani ni kama sisimizi. Huijua pia kwa shamba lake linalouza mkate, jamu na jibini. Lakini pale Irente pana na mambo mengine. Pana skuli ya watoto wasioona, iliyoanzishwa na Kanisa la Kilutheri mwaka 1963, mwaka ule ule wa skuli ya udaktari ya Dar es Salaam. Pana nyumba ya kulelea watoto wachanga waliokosa walezi, na pana skuli ya watoto wenye ulemavu wa akili. Si ajabu basi kwamba chuo kilichofunguliwa Magamba, karibu na Lushoto, mwaka 2007 kwa jina la Askofu Sebastian Kolowa, kiliitia elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu katika masomo yake ya mwanzo.

Shemeji yangu ni mtu wa busara. Alimwombea mpwawe ruhusa mahali pawili, si pamoja. Wiki za kwanza binti alikwenda katika hospitali moja kutazama kazi za wodini na kusaidia kazi ndogo ndogo. Wiki zilizofuata alikwenda Irente kuwasaidia walimu wa watoto wasioona. Mimi habari hizo sikuwa nazo. Nilijua tu kwamba anakula vizuri.

Siku ya pili ya kufika kwangu wakanichukua Irente. Nikamwona mvulana wa miaka kiasi cha 9 amebana karatasi katika kibao cha chuma, anadunga nukta kwa ncha kali, na anaandika toka kulia kwenda kushoto. Nikamwambia shemeji, "Huyu aandika kama tulivyoandika sisi chuoni." Binti yangu akanambia, "Ngoja kidogo, Baba." Mtoto akaitoa karatasi na kuigeuza. Nukta zilikuwa zimeinuka upande wa pili, naye akazisoma kwa vidole toka kushoto kwenda kulia, upesi kuliko mimi nisomavyo gazeti na miwani yangu.

Maandishi hayo huitwa nukta nundu. Herufi zote hutokana na nukta 6 tu zilizopangwa safu mbili za tatu tatu. Iko na mashine yake pia, yenye vitufe 6 vya nukta, na mtoto hubonyeza vitufe kadha kwa pamoja ili kutoa herufi moja. Binti yangu alikuwa amekwisha kuzijua herufi zote. Yule mvulana akaniuliza jina langu, akaliandika, akanipa karatasi. Ninayo mpaka leo, nimeiweka pamoja na stakabadhi zangu za karafuu.

Jioni tulipokuwa tukirudi mjini kwa miguu, binti akanambia jambo alilolificha muda mrefu. Alisema, "Baba, siku zote waniambia nitakuwa nani. Hujapata kuniuliza nitafanya nini kutwa. Kazi ya udaktari nimeiona, ni kazi kubwa na ya heshima. Lakini kule wodini nilikuwa nikihesabu saa. Hapa nasahau kama kuna saa. Nataka kuwafundisha watoto wasioona."

Sikumjibu. Yule mjomba wake naye akanyamaza, na huo ulikuwa mwendo mrefu.

SIKU TATU ZA NAMBA YA SIRI

Matokeo yalipotoka yalikuwa mazuri, na hilo likazidi kuniudhi, maana alama zake zilitosha kumwingiza udaktari. Tukakubaliana aombe yote mawili, udaktari katika chuo kimoja na elimu ya mahitaji maalumu katika chuo kingine cha bara. Mimi nilitumai chuo cha pili kitamkataa. Vyote viwili vikamkubali.

Hapa wanachama wajue utaratibu. Mwombaji aliyekubaliwa na vyuo zaidi ya kimoja hupewa namba ya siri, naye hutakiwa kuitumia kuthibitisha chuo kimoja tu kabla ya siku iliyotajwa. Katika fomu tulikuwa tumeandika namba ya simu yangu. Kwa hivyo namba ile ikaja kwangu, nami nikakaa nayo siku tatu bila ya kumwambia mtu.

Nilikuwa na sababu zangu. Nilifikiri juu ya mshahara. Nilifikiri juu ya watu wa barazani ambao kwa miaka 6 wamesikia jina la Daktari. Nilifikiri pia, na hili si la kujitukuza, kwamba visiwa vyetu vina haja ya madaktari, na huyu angeweza kuwa mmoja wao. Usiku wa pili nikaitoa ile karatasi ya Irente nikapitisha vidole. Sikuweza kupambanua nukta moja na mwenzake. Nikasema moyoni, kumbe hii nayo ni elimu, na mimi ndiye nisiyejua kusoma.

Usiku wa tatu mke wangu akaniuliza kwa nini silali. Nikamweleza. Akanambia, "Bwana, wewe wamtaka daktari wa wagonjwa au daktari wa barazani?" Sikupata jibu. Asubuhi nikampa mtoto simu, nikatoka kwenda shamba ili asione uso wangu wakati anachagua. Alichagua kufundisha.

Sitaki kuwadanganya kwamba moyo wangu ulitulia siku hiyo. Nilikwenda nikatazama mikarafuu ambayo haikuwa na haja ya kutazamwa. Lakini tangu hapo mtoto hajanipigia simu hata mara moja kunambia kwamba amechoka na masomo, na yumo mwaka wa 2.

NENO LA DAKHALIA

Jambo ambalo hatukulitia katika hesabu ni mahali pa kulala. Wengi wetu hudhani kwamba mtoto akikubaliwa na chuo basi na kitanda amepata. Sivyo. Vyumba vya dakhalia aghlabu ni vichache kuliko wanafunzi, hata katika vyuo vikubwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa majengo mapya ya kulala wanafunzi mwaka 2017, yenye nafasi 3,840, na haja ya nafasi haikwisha. Asiyepata kitanda hupanga chumba mtaani, na hapo huzidi kodi, nauli na hatari ya kurudi usiku. Kwa mwanafunzi wa udaktari jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa masomo yake ya miaka ya mwisho humweka wodini saa zisizo za kawaida.

Binti yangu aliomba mapema akapata kitanda katika chumba cha wanafunzi wanne, wote kutoka mikoa mbalimbali. Mmoja wao haoni kabisa, na anasoma sheria. Siku ya kwanza wenzake hawakujua wafanye nini, wakawa wanamshika mkono kila anapoinuka, naye akakasirika. Binti yangu, kwa aliyojifunza Irente, akawaeleza kwamba mwenzao hana haja ya kushikwa. Ana haja ya kila kitu kukaa mahali pake. Ndoo isihamishwe, kiti kisiachwe katikati ya njia, mlango uwe wazi kabisa au umefungwa kabisa, na mtu akiingia aseme jina lake. Baada ya wiki mbili wakaishi kama ndugu. Ninaamini kwamba chumba kile kimemfundisha mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote alichokinunua kwa fedha zangu.

MASHAURI YANGU

Kwanza, ulizeni mapema. Mtoto anapochagua masomo ya sekondari, kaeni naye na mwalimu wake mjue kila njia yafika wapi. Njia isiyofika udaktari si njia mbaya, lakini ijulikane.

Pili, kabla ya fomu, mtoto na aione kazi yenyewe. Akitaka udaktari, mwombeeni ruhusa akae karibu na kazi ya hospitali au kituo cha afya, na ajifunze huduma ya kwanza. Akitaka ualimu, akae darasani. Wiki mbili za kutazama zaweza kuokoa miaka miwili ya ada.

Tatu, mlango wa afya si mmoja. Upo uuguzi, upo ufamasia, iko kazi ya maabara, iko kazi ya kupima macho, ambayo hufundishwa KCMC Moshi. Aliyekosa alama za udaktari aweza kusoma stashahada ya utabibu kwa miaka 3, akafanya kazi, na akifaulu vizuri na kutimiza masharti akaomba udaktari baadaye. Na anayetaka kuwafundisha watoto wenye mahitaji maalumu kwa njia ya ualimu, kipo chuo cha Patandi, Arusha.

Nne, kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu hutoa kitabu cha mwongozo kinachoonyesha vyuo, fani na masharti ya kuingia. Kisomeni cha mwaka ule ule. Masharti hubadilika, na shauri la jirani aliyesomesha miaka 10 iliyopita laweza kuwa limekwisha kupitwa.

Tano, ombeni mkopo kwa wakati, ama kwa Bodi ya Mikopo ya Zanzibar au ile ya Jamhuri ya Muungano, kwa kadiri ya masharti yao. Na mwaka wa karafuu nyingi, wekeni fungu la miaka ya kupumzika kabla ya kununua bati jipya. Msikodishe mikarafuu kwa fani ambayo mtoto hakuichagua.

Sita, na hili ni la bure. Katika fomu ya mtoto andikeni namba ya simu ya mtoto.

Likizo iliyopita binti alikuja nyumbani. Wageni walikuwa barazani kama kawaida yao, na mmoja akauliza, "Yuko wapi yule Daktari wetu?" Nikamweleza kwamba hasomei udaktari, anasomea kuwafundisha watoto wasioona, na nikamwonyesha ile karatasi ya Irente. Akaipapasa kwa kidole, akauliza imeandikwa nini. Nikapaza sauti nikamwita mwanangu aje kumsomea, na safari hii nikamwita kwa jina lake.

Wassalaam,
Mwanachama mwenzenu